Kabla ya Olduvai kulikuwa na Tendaguru: Leakey na swali la damu ya dinosaria

Ukiamka mapema hapa Isiolo, kabla jua halijashika mabati, hebu angalia ukuta wa jirani. Utamwona mjusi, yule mkubwa wa kichwa chekundu, amejibandika kwa saruji kama stika ya matatu. Hatingishiki. Ukimsogelea anakutazama kwa jicho moja tu, kama mtu ambaye hajapata chai. Sasa ngoja ifike saa nne, jua limewaka, halafu jaribu kumshika. Huyo si mjusi tena, huyo ni boda ya Bulla Pesa inayofukuzwa na polisi.

Mpwa wangu wa miaka tisa ndiye aliyenianzishia hii stori. Alikuwa ametoka kutazama katuni kwenye simu yangu (na kumaliza bando, lakini hayo tuyaache), akaniuliza kama dinosaria alikuwa kama yule mjusi wa ukutani, wa kuota jua kwanza ndiyo atembee, ama alikuwa kama ng'ombe, ambaye ukimgusa saa kumi usiku bado ni moto. Nikamjibu bila kufikiria: kama mjusi, si wote ni reptilia. Akaenda zake ameridhika.

Mimi ndiye sikuridhika. Usiku nikaanza kusoma, nikagundua kwamba jibu langu lilikuwa limechelewa miaka kama hamsini hivi. Na katikati ya kusoma nikakutana na jina ninalolijua tangu shule ya msingi, jina ambalo sikutarajia kulipata kwenye mambo ya dinosaria. Louis Leakey. Ndiyo, yule wa Olduvai, yule wa mafuvu. Tulimkariri kwa ajili ya mtihani, tukaandika jibu, tukamsahau. Kumbe kabla hajatafuta binadamu wa kale, mfupa wa kwanza mkubwa aliolipwa kuuchimba ulikuwa wa dinosaria, hapa hapa Afrika Mashariki. Tena alikuwa kijana wa miaka 20 aliyekuwa ameacha chuo kwa muda kwa sababu kichwa kilikuwa kimegoma.

Hapo ndipo niliposimama. Mimi pia niliacha chuo. Karo iliisha mwaka wa pili, nikapanda basi la kurudi nyumbani, na tangu hapo kila harusi na kila matanga kuna shangazi ananiuliza nitarudi lini. Kwa hivyo wacha nikusimulie maisha ya huyu mzee, na ukiona mahali nimemwangalia kwa jicho la upendeleo, nisamehe. Unajua sababu.

Kijana wa Kabete

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Wazazi wake, Harry na Mary, walikuwa wamishonari wa Kanisa la Anglikana. Lakini usimfikirie kama mtoto wa kizungu aliyefungiwa ndani ya ua. Alikua na watoto wa Wakikuyu, akazungumza Kikuyu kama wao, akapita jandoni na rika lake, na akapewa jina la Wakaruigi, mwana wa kipanga. Akiwa bado mvulana alijijengea nyumba yake mwenyewe, vile vijana wa rika lake walivyofanya.

Alipokuwa na miaka kama 12 alipata kitabu cha watoto kuhusu watu wa enzi za mawe. Kikamshika. Akaanza kuokota mawe meusi yanayong'aa kama chupa, yale ya kioo cha volkano, na watu wa nyumbani wakamcheka. Akampelekea Arthur Loveridge, aliyekuwa anasimamia makumbusho ya Nairobi. Loveridge hakumcheka. Alimwambia kwamba baadhi ni zana halisi za watu wa kale, na kwamba aandike vizuri kila moja ameiokota wapi. Shika hiyo sehemu ya kuandika ni wapi. Tutairudia, na haitakuwa na raha.

Mwaka wa 1919 akapelekwa shule Uingereza. Ilikuwa noma. Kijana aliyezoea uhuru wa Kabete akajikuta anaomba ruhusa ya kila kitu, huku wenzake wakimwona mshamba. Alipotaja habari ya kwenda Cambridge, walimu wakamshauri afikirie kazi ya benki. Hakusikia. Mwaka wa 1922 akaingia Cambridge, na inasimuliwa kwamba alipotakiwa kuonyesha ujuzi wa lugha mbili za kisasa, mojawapo aliyoitaja ilikuwa Kikuyu, na cheti chake kilikuwa na alama ya kidole gumba ya Chifu Koinange. Chuo kikakubali. Mimi huwa nacheka kila nikifikiria yule karani aliyepokea hiyo karatasi.

Halafu mwaka wa 1923, kwenye raga, akapigwa teke la kichwa. Akarudi uwanjani, akaumia tena. Kilichofuata kilikuwa maumivu ya kichwa yasiyoisha, kumbukumbu kupotea, na baadaye hata dalili za kifafa. Daktari akamwamuru aache masomo mwaka mzima na akae mahali penye hewa wazi.

Sasa jiweke hapo. Una miaka 20, umepigania nafasi kwa nguvu zote, na unaambiwa funga vitabu. Pesa huna. Familia iko mbali. Hicho kiti nakijua, nimekalia.

Mlima wa mifupa

Wakati huo makumbusho ya Uingereza, idara ya viumbe, ilikuwa inatafuta mtu wa kwenda Tanganyika. Kiongozi wa msafara alikuwa ameshapatikana: William Edmund Cutler, mchimbaji wa dinosaria kutoka Kanada, fundi wa kazi yake lakini hajawahi kukanyaga Afrika. Ilihitajika mtu wa kushughulikia kambi, wapagazi, chakula na lugha. Leakey alijua Kiswahili na alijua kuishi porini. Akapata kazi. Mwanzoni mwa 1924 wakaanza safari ya Lindi, na kutoka Lindi kuelekea kilima kiitwacho Tendaguru, kama kilomita 60 hivi ndani ya bara.

Kama hujawahi kusikia Tendaguru, si kosa lako, sisi wote tulifundishwa Olduvai tu. Lakini Tendaguru ni mojawapo ya makaburi makubwa zaidi ya dinosaria duniani, yenye umri wa miaka kama milioni 150. Wenyeji walijua kuna mifupa mikubwa pale kabla mzungu yeyote hajaandika. Mwaka wa 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, akaonyeshwa mfupa ukiwa umechomoza ardhini. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani wakachimba kwa nguvu wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Nasema wakachimba, lakini waliochimba hasa walikuwa Waafrika, mamia yao, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Wapagazi walibeba mifupa kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zikaenda Berlin. Leo, ukiingia makumbusho ya Berlin, unakutana na mnyama wa urefu wa zaidi ya mita 13, shingo kama minara ya simu. Anaitwa Giraffatitan. Kwao ni Lindi.

Leakey alipofika mwaka wa 1924 msitu ulikuwa umerudi na mashimo ya Wajerumani yameanza kufunikwa. Baadhi ya watu waliowahi kufanya kazi na Wajerumani walirudi kazini. Maji yalikuwa shida, malaria ilikuwa ya kila wiki. Cutler alikuwa mgumu, lakini alijua kazi, na hapo ndipo Leakey alipopata shule yake. Alijifunza kwamba mfupa hauvutwi kama muhogo. Unausafisha polepole kwa brashi, unaufunika kwa karatasi na nguo iliyolowa plasta, unangoja ukauke kama mguu uliovunjika, ndipo unaunyanyua. Na kabla ya kuunyanyua unaandika: shimo gani, tabaka gani, umelala ukielekea wapi.

Mwisho wa mwaka Leakey akaondoka kurudi chuoni. Cutler akabaki. Agosti 1925 malaria ikamuua, akazikwa Lindi. Leakey akarudi Cambridge akiwa na stori ambazo hakuna mwanafunzi mwenzake alikuwa nazo, akawa anatoa mihadhara ya kulipwa kuhusu uchimbaji wa dinosaria ili ajilipie mambo yake. Mwaka wa 1926 akamaliza kwa alama za juu kabisa.

Walichoamini wakati huo

Hapa ndipo mpwa wangu anaingia. Kama ungemuuliza mtaalamu yeyote mwaka ule wa 1924 kuhusu damu ya dinosaria, wengi wangekujibu vile nilivyojibu mimi. Mjusi mkubwa. Mzito, mvivu, mpole wa akili. Hata yule wa Tendaguru mwenye shingo ndefu walimchora amesimama ndani ya ziwa, maji hadi shingoni, kwa sababu hawakuamini miguu yake ingebeba mwili huo nchi kavu.

Tuelewane kwanza hili jambo la damu, maana jina lenyewe linadanganya. Mnyama wa damu baridi si kwamba damu yake ni baridi. Yule mjusi wa ukutani saa saba mchana anaweza kuwa na joto kukushinda. Tofauti ni joto linatoka wapi. Mjusi analikopa kwa jua. Wewe, ng'ombe na kuku mnalipika wenyewe ndani ya mwili, mchana na usiku, na kuni zake ni chakula. Hiyo ni gharama kubwa: mnyama wa damu moto anatumia nishati karibu mara kumi kuliko mjusi wa uzito ule ule. Lakini anapata faida. Anaweza kukimbia alfajiri, anaweza kukimbia muda mrefu, na watoto wake wanakua haraka.

Kwa hivyo swali la damu ya dinosaria si swali la katuni. Ukijua jibu unajua alikula kiasi gani, alikua kwa kasi gani, alitembea umbali gani, na ni kwa nini alitawala dunia zaidi ya miaka milioni 130.

Mzee wa Olduvai, na aibu ya Kanam

Leakey hakurudi tena kwa dinosaria. Alirudi Kenya kutafuta watu. Na angalia vile Tendaguru ilivyomfuata. Yule Hans Reck aliyeongoza uchimbaji wa Tendaguru mwaka wa 1912 ndiye aliyeenda Olduvai mwaka wa 1913. Mwaka wa 1931 Leakey akampeleka Reck tena Olduvai. Reck alikuwa anasema hakuna zana za mawe pale. Wakawekeana dau la pauni 10 kwamba Leakey atapata zana ndani ya saa 24. Akapata. Reck alikuwa ametafuta jiwe la aina inayotumika Ulaya, na Olduvai watu wa kale walitumia mawe ya kwao. Zana zilikuwa pale miaka yote. Macho ndiyo yalikuwa na picha nyingine.

Lakini usifikirie nakuuzia malaika. Mwaka wa 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Victoria, alipata taya aliyodai ni ya binadamu wa kale sana. Wenzake wakataka kuona mahali. Mwaka wa 1935 mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, akafunga safari kutoka London. Leakey akashindwa kumwonyesha ni wapi hasa. Alama za chuma alizoacha hazikuwepo tena, na picha aliyoitoa ilikuwa ya sehemu nyingine. Boswell akarudi akamwanika hadharani. Yule mvulana aliyeambiwa na Loveridge aandike kila kitu ameokota wapi, yule kijana aliyefunzwa na Cutler, aliteleza kwenye somo lile lile la kwanza. Taya ilikuwepo, lakini bila mahali pake haikuwa na cha kusema.

Wakati huo huo nyumba yake ilikuwa imevunjika. Alimwacha mke wake wa kwanza, Frida, akiwa na watoto wadogo, na mwaka wa 1936 akamwoa Mary Nicol. Cambridge ikamnunia, milango ikafungwa. Na mwaka wa 1952, alipokuwa mkalimani kwenye kesi ya Kenyatta kule Kapenguria, mawakili wa utetezi walimlalamikia kwamba anaegemea upande, akajiondoa. Alikuwa amezaliwa ndani ya Ukikuyu, lakini alisimama na serikali dhidi ya Mau Mau. Kuna wazee hawakumsamehe, na sioni ni kwa nini niwalazimishe.

Sifa ilikuja uzeeni, na sehemu kubwa ililetwa na Mary. Ni Mary aliyepata fuvu la Proconsul kisiwani Rusinga mwaka wa 1948. Ni Mary aliyepata fuvu la Zinjanthropus Olduvai tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa amelala kambini na homa. Na ni Louis aliyemtuma Jane Goodall kwa sokwe wa Gombe mwaka wa 1960, msichana aliyekuwa karani wake na hakuwa na digrii hata moja. Hiyo nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye daftari langu.

Moto unawaka anapofariki

Sasa tazama tarehe hizi. Mwaka wa 1969 Mmarekani John Ostrom anaeleza dinosaria mdogo aliyemwita Deinonychus: mwepesi, wa kukimbia, mwenye ukucha wa kurusha teke. Huyo hafanani hata kidogo na mvivu wa ziwani. Mwanafunzi wake, Robert Bakker, anapaza sauti kwamba dinosaria walikuwa na damu moto. Mwaka wa 1972 anaichapisha hoja hiyo kwenye jarida kubwa la Nature. Na tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo wa 1972, Louis Leakey anafariki London kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 69. Akaletwa nyumbani, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake. Mjadala mkubwa kuhusu wanyama aliowachimba akiwa na miaka 20 ulikuwa ndiyo umeanza kuchemka.

Hoja za akina Bakker zilikuwa hizi. Miguu ya dinosaria inasimama wima chini ya mwili kama ya ng'ombe, haijatanuka pembeni kama ya mamba. Mifupa yao, ukiikata nyembamba na kuiweka chini ya hadubini, imejaa njia za mishipa ya damu, alama ya mwili unaokua mbio. Na ukihesabu visukuku, wala nyama ni wachache sana ukilinganisha na waliwa, kama ilivyo kwa simba na pundamilia, kwa sababu mwindaji wa damu moto anamaliza mifugo mingi.

Wapinzani hawakulala. Walijibu kwamba mwili mkubwa unatunza joto wenyewe bila kupika chochote. Hili unalijua ukiwa umewahi kupika chai ya harusi. Kikombe kinapoa kabla hujapata mandazi, lakini lile sufuria kubwa la jikoni bado linakuchoma baada ya saa mbili. Dinosaria wa makumi ya tani ni sufuria. Hahitaji damu moto ili awe na joto. Kwa hivyo, wakasema, kuwa na joto si ushahidi.

Na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kumaliza ubishi, kwa sababu rahisi: hauwezi kumwekea kipimajoto mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita.

Ama unaweza?

Mwaka wa 2011 watafiti wakiongozwa na Robert Eagle wakachapisha jambo kwenye jarida la Science ambalo lilinifanya niamke kitandani. Jino linapojengeka, ndani yake kuna kaboni na oksijeni. Kati ya atomi hizo kuna chache nzito kidogo kuliko wenzake, na hizo nzito hupenda kushikana. Mwili ukiwa wa baridi zinashikana zaidi. Mwili ukiwa na joto zinaachana. Hesabu ni ngapi zimeshikana, unapata joto la mwili siku jino lilipokuwa linaota. Jino lenyewe ndilo kipimajoto.

Na moja kati ya sehemu walizotoa meno? Tendaguru. Sidai ni Leakey aliyeyachimba. Mifupa mingi ya kilima kile ilitoka kabla yake. Lakini ni kilima kile kile. Jibu la yule mwenye shingo ndefu likawa nyuzi 38.2 za Selsiasi, kukosea ama kupatia kama nyuzi moja. Wewe ukienda zahanati na 38.2 unaandikiwa dawa ya homa. Mwenzake wa Marekani, Camarasaurus, alikuwa na 35.7. Hilo ni joto la ng'ombe, la ngamia, lako na langu. Si la mamba.

Je, mjadala umekwisha? Pole pole. Kumbuka hoja ya sufuria: huyu ni mkubwa, joto peke yake halitoshi. Cha kushangaza, hesabu za awali zilikuwa zinasema mnyama wa ukubwa ule angepita nyuzi 40. Meno yakasema hapana, alikuwa chini ya hapo. Kwa hivyo swali likageuka kichwa chini. Badala ya kuuliza alipata wapi joto, wakaanza kuuliza alilipunguza vipi, labda kwa ile shingo ndefu na mkia, labda kwa kupunguza moto wa mwili akishakuwa mkubwa. Kabla ya hapo, mwaka wa 2000, Martin Sander alikuwa ametoboa mifupa mirefu ya Tendaguru na kuangalia ndani, akaona walikua haraka kama wanyama wanyonyeshao, si polepole kama mijusi. Na utafiti wa 2022 ukadai kwamba wenye shingo ndefu na wala nyama walikuwa wa damu moto, lakini jamaa za Stegosaurus na Triceratops walirudi upande wa ubaridi. Kuna wanaopinga, na kuna wanaosema wengine walikuwa katikati.

Hilo la katikati lilinisumbua hadi nilipokumbuka ninaishi wapi. Hapa Isiolo tuna ngamia. Maziwa yake yanapanda basi kila siku hadi Eastleigh. Miaka ya 1950 Knut Schmidt-Nielsen alimpima ngamia kule Sahara, akakuta kwamba akinyimwa maji anaacha mwili wake ushuke hadi karibu nyuzi 34 alfajiri na kupanda hadi zaidi ya 40 jioni, ili asipoteze jasho. Huyo ni mnyama wa damu moto, lakini anajua kubana matumizi. Na chini ya mchanga wa kaskazini hii kuna yule fuko asiye na manyoya, mnyonyeshaji kabisa, lakini mwili wake unafuata joto la shimo karibu kama mjusi. Mstari tuliouchora kwenye daftari la sayansi, huku moto, kule baridi, haupo hata hapa nyumbani. Kwa nini tuutafute kwa dinosaria?

Nilichomwambia mpwa

Nimemrudia yule kijana na kumwambia nilimdanganya. Dinosaria hakuwa mjusi wa ukutani. Yule wa Lindi alikuwa na joto la ng'ombe na pengine akili ya ngamia ya kubana matumizi. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia ni kwa sababu watu wa Lindi walibeba meno na mifupa hadi pwani bila kuivunja, na mtu akaandika imetoka shimo gani. Mwaka ule wa 1912, wala 1924, hakuna aliyekuwa anawaza habari ya atomi kushikana. Boheti bin Amrani hakujua kuna swali litakuja. Aliiweka tu vizuri. Mwaka wa 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Karibu miaka mia moja baadaye, lakini likafika.

Kuhusu mimi na wewe uliyeacha chuo, sitakudanganya. Leakey alikuwa na makumbusho ya London ya kumpa kazi, na Cambridge ilimtunzia kiti. Mimi nina deni la karo na shangazi. Mwaka wake wa kukaa nje haukumwokoa kwa sababu alikaa nje. Ulimwokoa kwa sababu alifanya kazi halisi na mtu aliyeijua, akaandika alichoona. Na pale Kanam alipoacha kuandika vizuri, jina lake kubwa halikumsaidia.

Kwa hivyo nimenunua daftari jipya, lile la shilingi hamsini. Kila siku naandika nilichosoma, na nilikisoma wapi. Fomu ya kurudi chuoni bado iko chini ya godoro. Sijaijaza. Lakini nimeitoa mara mbili wiki hii, na nimejua tarehe ya mwisho ni lini.